Wimbo wa Malkia Baada ya Picha ya Kihindi

"Wanakimbia," alisema baba, kikombe cha chai bado mkononi.

"Nani wanakimbia?" mama akauliza.

"Waingereza."

"Wanakimbia nini?"

Baba akashusha sauti, kana kwamba kuna mtu nyuma ya ukuta angeweza kumsikia na kwenda kumshtaki. "Malkia," akasema. "Wimbo wake ukianza tu, wanakimbia."

Hiyo ilikuwa Jumapili asubuhi, wiki ya tatu tangu tufike London kutoka Mombasa, mwishoni mwa miaka ya sitini. Tulikuwa watatu tu: baba, mama na mimi binti yao wa pekee, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Tulipanga vyumba viwili vya juu katika nyumba ya mjane mmoja wa Kiingereza huko Harrow. Baba alikuwa amepata kazi katika sinema moja ya mtaani, kuendesha mashine ya kuonyeshea picha, na siku iliyotangulia ndiyo kwanza alikuwa amefunga onyesho la mwisho peke yake. Picha ilipokwisha aliweka ukanda mfupi wa wimbo wa Malkia, kama alivyoelekezwa, akachungulia kwenye kidirisha chake ili auone ukumbi mzima ukisimama. Akaona migongo. Watu walikuwa wameshaanza kutoka tangu bwana na bibi wa kwenye picha wabusiane; walikuwa wanakanyagana vidole, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, na wimbo ulipoanza wakaongeza mwendo.

"Labda wanawahi basi," mama akasema.

"Basi!" Baba aliweka kikombe chini. "Kuna basi la kumshinda Malkia?"

Ili mtu aelewe uchungu wa baba yangu, lazima ajue alikotoka. Kule Mombasa aliendesha mashine ya sinema kwa miaka kumi na mitano, na wakati wa Waingereza kila onyesho lilimalizika kwa wimbo huo. Kila mtu alisimama: maofisa na wake zao juu kwenye roshani, sisi Wahindi katikati, Waarabu na Waswahili mbele kabisa, shingo zimepinda chini ya skrini. Kabla wimbo haujaanza mabawabu walifunga milango. Baba alituambia hawakufanya hivyo kwa ubaya, ila kumsaidia mtu asije akajisahau. Alipenda kusimulia habari ya muuza samaki mmoja aliyebaki na kofia kichwani. Yule bwana alishikwa ukosi akatolewa nje, akakatazwa kuingia wiki nzima, na wiki yenyewe ilikuwa ya picha ya mapigano. Uhuru ulipokuja, baba alipewa ukanda mwingine wenye wimbo mwingine, akaambiwa auweke pale pale. Watu wale wale wakasimama vile vile, ila roshani ilikuwa na nafasi zaidi.

Mimi nami sikuwa mgeni wa mambo ya kifalme. Shuleni tulikaririshwa wafalme wa Uingereza kwa mpangilio, kama tulivyokaririshwa jedwali la kuzidisha. Nilimjua yule aliyeoa wake sita, jambo ambalo sisi Waislamu hatukulishangaa ila kwa ile haraka yake ya kuwaondoa. Nilimjua na yule ambaye watu wake mwenyewe walimkata kichwa, kisha baada ya miaka michache wakachoka kukaa bila mfalme, wakaenda kumwita mwanawe. Mwalimu wetu alilipita somo hilo upesi upesi, kama mtu anayepita mbele ya chumba ambacho mlango umesahauliwa wazi. Sisi tulichoshika ni kwamba wafalme wa Uingereza hawakomi. Akitoka mmoja, anaingia mwingine, na muhuri kwenye barua unabadilishwa.

Kwa hiyo baba alishuka chini kumuuliza mwenye nyumba, akitaraji kufarijiwa. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye ngazi. Yule mjane alikuwa anamenya viazi.

"Samahani, bibi," baba akasema kwa Kiingereza chake cha heshima, "hivi watu wa hapa wana ugomvi wowote na Malkia?"

"Ugomvi? Hapana. Kwa nini?"

"Sinemani hawasimami."

Yule mjane akachukua kiazi kingine. "Mimi sina neno naye," akasema. "Kazi yake ngumu, kutabasamu kutwa. Mababu zake walikuwa Wajerumani, lakini hilo si kosa lake. Baba yake alipokufa nililia, kwa sababu alikaa hapa hapa London na sisi mabomu yakianguka. Lakini kusimama sinemani! Mwanangu, nikitoka pale miguu inaniuma, nataka kitanda changu."

Baba alipanda ngazi. Alipofika chumbani alifunga mlango, kisha akamwambia mama, "Anasema ni Wajerumani." Mama akamwambia asirudie maneno hayo mbele ya mtoto.

Wiki iliyofuata baba alimwendea meneja wake na shauri. Meneja alikuwa mtu mrefu mwenye mabega yaliyoshuka, aliyewahi kuwa askari huko Misri, na siku zote alikuwa na peremende shavuni. Sinema yake ilikuwa inakufa taratibu. Televisheni ilikuwa imewafungia watu majumbani. Ukanda wa wimbo aliendelea kuuonyesha kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Ulikuwa umechakaa hadi michirizi yake ilifanya Malkia aonekane anapita juu ya farasi katikati ya mvua kubwa.

"Bwana meneja," baba akamwambia, "tuuweke mwanzo. Mwanzo watakuwa wameshakaa. Hawawezi kukimbia kabla ya kuona picha."

Meneja akahamishia peremende shavu la pili. "Fanya upendavyo," akasema. "Hakuna atakayejua tofauti."

Walijua. Siku ya kwanza watu walidhani ni tangazo la biashara, na mmoja akamwita muuza aiskrimu. Siku ya pili mzee mmoja aliinuka, akakuta amesimama peke yake, akageuka nyuma na kuanza kuwafokea vijana waliokuwa wameweka miguu juu ya viti. Kijana mmoja akamjibu. Mzee akamrushia kofia yake. Meneja alilazimika kuwasha taa na kuja kuwaamua, na Malkia akaendelea kupita na farasi wake kwenye skrini bila kugeuka. Kesho yake wimbo ulirudishwa mwisho, na Waingereza wakarudi kuukimbia kwa amani.

Ndipo zilipoanza Jumapili zetu.

Wakati ule watu wetu walikuwa wanafika kwa wingi kutoka Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, wamejaa katika nyumba pacha za Harrow, familia tatu jiko moja. Hawakuwa na pa kukutania. Bwana mmoja aliyekuwa mwalimu Nairobi, na sasa karani katika gereji ya mabasi, alikwenda kuzungumza na meneja wa baba akapanga ukumbi kila Jumapili asubuhi, saa ambazo Waingereza walikuwa wamelala au wako kanisani. Huyo tulimwita Mwalimu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumfundisha tena. Picha za Kihindi zilikuja ndani ya makopo makubwa, na baba akapewa kazi ya kuziendesha.

Sijawahi kuona furaha ya namna ile. Watu waliingia na makoti yanayonuka mafuta ya taa ya hita, watoto wachanga, chupa za chai na sambusa zilizofungwa magazetini. Wahindu, Waislamu, Makalasinga, Magoa, wote pamoja, na lugha nne zikipaa kwa wakati mmoja. Mtu akitaka kumkaripia mtoto au kusengenya jirani, alirudi kwenye Kiswahili. Nilimsikia mama mmoja mnene wa Kampala akimwambia shujaa wa kwenye picha, "Usimwamini huyo, mjinga wewe, ni mwongo!" na safu nzima ikamuunga mkono.

Jumapili ya kwanza, picha ilipokwisha, baba aliweka wimbo wa Malkia. Alituambia baadaye kwamba hakukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe. Ngoma za wimbo zilipolia, ukumbi mzima ulisimama. Watu mia kadhaa, kwa mshindo mmoja, viti vikijikunja nyuma yao, paa paa paa, kama milango inayofungwa mtaa mzima. Waliokuwa na sambusa mdomoni waliacha kutafuna. Mama wa Kampala alimziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyetuambia tusimame, wala sidhani kwamba tulimpenda Malkia kuliko wenyeji wake. Ni miguu tu, ilikuwa imeshafundishwa.

Meneja alikuwa amekuja kuhakikisha hatuvunji viti. Alikuwa mlangoni, na nilimwona akivua kofia. Wimbo ulipokwisha alipanda mbio hadi chumba cha mashine.

"Sijaona kitu kama hiki tangu alipovishwa taji," akamwambia baba, macho yamelowa. "Hata siku ile, watu wengi walikuwa wamelewa."

Tangu hapo alikuja kila Jumapili. Jumapili ya tatu akamleta mkewe, na ya nne mama mkwe wake, bibi kizee mwenye kofia ya zambarau. Hawakuja kutazama picha. Walifika dakika kumi kabla ya mwisho, shujaa anapokutanishwa na mama yake aliyepotea, wakajipanga ukutani, wakangoja tusimame. Yule bibi alitoa kitambaa akalia kila mara. Mama mmoja wa Dar, aliyekaa karibu na ukuta, alidhani analia kwa ajili ya shujaa na mama yake, akampa sambusa. Bibi akaila. Jumapili iliyofuata alikuja mapema kidogo.

Baba alikuwa na fahari isiyofichika. Alianza kuvaa tai kwenye chumba cha mashine, mahali ambapo hakuna mtu angemwona. "Sisi ndio tuliobaki," alimwambia mama. "Heshima yake katika mji huu tumeishika sisi." Mama alikuwa anapiga pasi shati lake. Hakumpinga. Na yeye alikuwa anasimama kama wengine, ameshika kishungi cha mtandio wake kifuani, na mimi kando yake.

Kisha ikaja habari ya mjomba.

Mjomba wangu, mdogo wake mama na wa mwisho kwao, alibaki Mombasa tulipoondoka kwa sababu nyanya alikuwa mgonjwa na lazima mtoto mmoja abaki naye. Alimlisha, akamwogesha, akamzika. Alipomaliza kumzika akachukua pasi yake apande ndege aje kwetu. Ilikuwa pasi ya Kiingereza, ya buluu iliyokolea, yenye taji la dhahabu juu, kama zetu. Ndani yake, ukurasa wa mwanzo, waziri wa Malkia aliomba, tena kwa jina la Malkia alitaka, kwamba mwenye pasi aachwe apite bila kizuizi. Lakini baina ya kuondoka kwetu na kufa kwa nyanya, bunge la London lilikuwa limepitisha sheria, haraka haraka, kwa siku chache tu: watu wenye pasi kama ile, wasio na mzazi wala babu aliyezaliwa Uingereza, wasiingie ila kwa zamu, kwa hati maalumu. Na zamu ilikuwa ndefu. Mjomba hakuwa na subira ya zamu. Alipanda ndege na pasi yake, akiamini ukurasa wa mwanzo.

Tulipata simu kupitia kwa mwenye nyumba: yuko uwanja wa ndege, amezuiliwa tangu jana. Baba alikuwa kazini. Mama alipika wali wa nyama, akaufunga ndani ya sufuria kwa kitambaa, tukapanda mabasi, yeye na mimi, tukapita Hayes, penye maghala na harufu ya kahawa inayokaangwa kiwandani, hadi uwanjani. Pale tulipelekwa kutoka meza hadi meza mpaka tukamfikia ofisa kijana mwenye masikio mekundu. Mama alikijua Kiingereza, lakini siku ile alitaka kila kitu kipite kwangu.

"Muulize, pasi ya ndugu yangu ni ya uongo?"

Nikauliza. "Hapana," akasema ofisa. "Ni halali kabisa."

"Muulize, yeye ni raia wa Malkia au si raia?"

"Ni raia," ofisa akasema, masikio yakizidi kuwa mekundu. "Ila hana haki ya kuingia."

Nikamgeukia mama. "Anasema mjomba ni mtu wa Malkia, ila haruhusiwi kwa Malkia."

"Hukusikia vizuri," mama akasema. "Mwambie arudie."

Nikamwambia arudie, akarudia pole pole, kwa adabu kubwa. Adabu yake ndiyo iliyommaliza mama. Kama angetufokea, mama angefoka. Alikuwa hodari wa hilo. Lakini mtu anayekuomba radhi huku anakufungia mlango utamfanya nini? Aliinua sufuria akaiweka mezani. Ofisa akaitazama, akafungua kitambaa kidogo, akanusa, akasema chakula kinaweza kupita. Akaichukua mwenyewe, kwa mikono miwili, akaingia nayo mlango wa ndani. Wali wetu ukavuka kwenda kwa mjomba. Mjomba hakuweza kuvuka kuja kwetu. Tulikaa pale hadi jioni, tukarudishiwa sufuria tupu iliyooshwa vizuri, na siku iliyofuata akarudishwa Nairobi.

Jumapili ile mama alikuja sinemani kama kawaida, amevaa koti lake zuri. Alitazama picha yote. Alicheka palipochekesha. Ilipokwisha, wimbo ukalia, viti vikajikunja, paa paa paa, na mama yangu akabaki amekaa.

Nilidhani hakusikia. Nikamgusa bega. Hakutikisika. Alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya mkoba wake, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Mimi nilikuwa nimeshainuka nusu, na sikujua niende juu au nirudi chini, basi nikabaki hapo katikati, magoti yamekunjwa, kiti kinanisukuma kwa nyuma. Nilipogeuza kichwa niliona kidirisha cha chumba cha mashine, na ndani yake uso wa baba.

Nyumbani alingoja hadi tuvue makoti.

"Umenivunjia heshima," akasema.

"Mimi sikusema neno."

"Mbele ya meneja! Mbele ya mama mkwe wake!"

"Yule bibi anakuja kwa sambusa."

"Mama watoto, nisikilize." Baba alivuta kiti akakaa, akafanya sauti ya upole. "Malkia hakumfukuza ndugu yako. Malkia hatungi sheria. Wakubwa wanaitunga kule bungeni, wanampelekea karatasi, na yeye anatia sahihi tu."

"Anatia sahihi tu."

"Ndiyo. Hana hiari. Ni desturi."

"Basi na mimi nimekaa tu," mama akasema. "Akiuliza, mwambie ni desturi."

Baba alikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Wiki iliyofuata mama alikaa tena, na safari hii yule mama wa Kampala, aliyekuwa safu ya mbele yetu, aligeuka akamwona, akamtazama kwa muda, kisha akashusha mwili wake mzito kwenye kiti. Mumewe alikuwa Kampala, anangoja zamu. Jumapili ya tatu walikaa wanawake sita au saba. Hawakupanga. Hawakuzungumza juu yake hata walipogawana chai. Wanaume waliendelea kusimama, wengi wao wakijifanya hawaoni, na Mwalimu alikohoa sana. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa na mtu upande wa pili wa zamu ile.

Meneja akapanda kwa baba. "Wale wanawake wana nini?" akauliza.

Baba yangu hakuwa mwongo. Lakini alipotakiwa achague baina ya Malkia na mkewe, mbele ya mkubwa wake wa kazi, alisema, "Miguu, bwana meneja. Baridi ya hapa imewaingia miguuni."

Meneja alisikitika kweli kweli. Jumapili iliyofuata aliagiza hita za ukumbi zifunguliwe zaidi. Wanawake waliokaa wakaongezeka, na meneja akaongeza moto. Ilifika mahali watu walitazama picha wamevua makoti na sweta, watoto wamebaki na fulana, hewa nzito kama ya Mombasa kabla ya mvua. Wazee walimsifu meneja kwa ukarimu. Yeye alikuwa anatazama miguu ya mama yangu kwa wasiwasi, anashangaa ni ugonjwa gani usiosikia joto.

Mimi nilikaa Jumapili ya tano. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa ajili ya mjomba, lakini nilichoka kukunja magoti.

Siku hiyo ndiyo ukanda ulipokwisha kabla ya baba kujua. Wimbo ulikoma, Malkia akatoweka na farasi wake, na skrini ikabaki nyeupe tupu, inametameta. Kwa kawaida hapo hapo baba aliwasha taa. Siku ile hakuziwasha. Nusu ya ukumbi imesimama, nusu imekaa, na wote tunatazama weupe. Waliosimama hawakuthubutu kukaa, kwa sababu hakuna aliyewaambia imekwisha. Ilichukua labda dakika nzima, na dakika ya namna hiyo ni ndefu. Nilipogeuka, baba alikuwa kidirishani, na hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anatutazama sisi wawili.

Jumapili iliyofuata shujaa alikutana na mama yake, neno la mwisho likaandikwa kwa herufi za Kihindi, na taa zikawaka. Basi. Watu walibaki vitini, wanatazamana, mikono tayari kwenye vishikio. Kisha mtoto mmoja akaanza kukimbia kati ya viti, na wote wakainuka kutafuta makoti yao.

Bibi mwenye kofia ya zambarau alikuwa ukutani na kitambaa chake tayari. Baba aliposhuka, bibi alimwendea.

"Malkia yuko wapi?" akamuuliza.

"Leo hakuja, bibi," baba akajibu.

"Na wiki ijayo?"

"Sidhani."

Bibi akampiga piga mkono. "Usivunjike moyo," akamwambia. "Hata mtaani kwetu hajafika, na mimi nimemngoja tangu avishwe taji."

Meneja alinung'unika kidogo, lakini akapunguza moto, na nadhani gharama ya hita ilimsaidia kuelewa. Kwa Waingereza wimbo uliendelea hadi majira ya baridi, kisha wakubwa wa kampuni wakaandika kwamba uachwe kote. Baba aliniambia hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeuliza. Miaka miwili baadaye ukumbi wenyewe uligeuzwa kuwa wa bingo, na baba akaenda kufanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, ambako hakuna aliyehitajika kusimama kwa ajili ya mtu, kwa kuwa wote walikuwa wamesimama kutwa.

Mjomba alikuja na hati yake baada ya miaka mitatu. Alikuwa amenenepa, na alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomkumbuka. Wiki ya kwanza alikwenda katikati ya mji akarudi na sahani yenye picha ya Malkia, akaomba nyundo na msumari. Mama alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi.

"Hiyo unaitundika wapi?"

"Hapa, dada, juu ya redio. Nzuri, sivyo?"

"Unajua kwamba mimi nilikaa kwa ajili yako?" mama akasema. "Watu wazima wamesimama, meneja ananitazama, mume wangu hasemi na mimi, na mimi nimekaa!"

Mjomba hakuelewa. Ilibidi baba amweleze yote, toka wimbo hadi hita, akieleza kwa haki kabisa, na upande wa mama pia. Mjomba alisikiliza na sahani yake kifuani.

"Lakini dada," akasema mwishowe, "nani alikuambia nimemkasirikia? Kile chumba walichonifungia uwanjani kilikuwa na picha yake ukutani. Siku mbili nzima. Askari wanaingia, wanatoka, hakuna anayenitazama usoni. Yeye peke yake ndiye aliyenitabasamia."

Mama alimtazama, akamtazama Malkia kwenye sahani. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, mwiko unadondosha mchuzi kwenye zulia la mwenye nyumba, na baba akaja na kitambaa kupangusa kabla halijaingia doa. Sahani ilitundikwa, si juu ya redio bali kwenye ukumbi mdogo wa chini, karibu na mita ya gesi. Mwenye nyumba aliiona alipokuja kuangalia zulia. Alisema ni mahali pazuri, na kwamba picha ile haimtendei haki, ana pua nzuri zaidi.